Kigiriki mfukoni, Kiswahili kinywani

Programu za Biblia zimewafikishia wahubiri wa Masisi na Walikale, huko Kivu Kaskazini, Kongo, Kiebrania na Kigiriki bila kupitia chuo. Lakini ziliundwa kujibu maswali ya msomaji wa Kiingereza. Msomaji wa Kiswahili anayo ya kwake.

"Kwa Kigiriki cha asili, neno hili maana yake ni..." Mhubiri akishaanza hivyo, kanisa linatulia. Wazee wa kanisa wanainua shingo, wanakwaya wanaacha kunong'onezana, mwenye kalamu anaitoa. Hakuna wa kubisha. Nani katika kanisa la mabati kule Nyabiondo, au Mubi, amesoma Kigiriki hata amwambie pasta kwamba amekosea?

Zamani kauli hiyo ilikuwa ya wachache waliobahatika kukaa kwenye madawati ya theolojia, ama ULPGL, chuo kikuu cha Waprotestanti mjini Goma, ama Chuo Kikuu cha Shalom cha Bunia, ama ng'ambo. Siku hizi inatoka hata kinywani mwa mwinjilisti aliyeishia sekondari. Wala hasemi uongo. Neno la Kigiriki ameliona kweli, Jumamosi usiku, kwenye simu ya Android yenye kioo kilichopasuka, bila hata mega moja ya intaneti.

Hilo ni jambo jema, na si nia ya makala haya kulibeza. Swali ni jingine: simu ikishamwonyesha lile neno, imemwonyesha nini hasa? Na alichoonyeshwa kinajibu swali lake yeye, au la mtu mwingine aliye mbali?

Namba za Profesa Strong

Mzizi wa programu nyingi za aina hii ni kitabu kimoja cha mwaka 1890. James Strong, profesa Mmethodisti wa Seminari ya Drew huko Marekani, akisaidiwa na watu zaidi ya 100, alitoa itifaki, au konkordansi kama wengi wanavyoiita, iliyoorodhesha maneno ya Biblia ya Kiingereza ya King James pamoja na kila mstari yanamopatikana. Kisha akafanya lile lililolibakiza jina lake hadi leo: kila neno la Kiebrania na la Kigiriki lililo nyuma ya hilo la Kiingereza akalipa namba. Ya Kiebrania, pamoja na maneno ya Kiaramu yaliyomo katika Danieli na Ezra, yanakwenda kuanzia 1 hadi 8674. Ya Kigiriki yanaanzia 1 hadi 5624, ingawa orodha hiyo ina mapengo: namba 2717 haipo, na kati ya 3203 na 3302 hakuna kitu.

Namba hizo ndizo zilizofungua mlango. Mtu asiyejua hata herufi moja ya Kiebrania anaweza kutafuta 430 akamkuta Elohim; asiyejua alfa wala beta anatafuta 26 akakuta agape. Na kompyuta ilipokuja, haikupata shida na kazi ya Strong, kwa kuwa namba ndiyo lugha inayoielewa. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Mkanada Larry Pierce alikwishaanza kusambaza Online Bible. Mwaka 2000 Mmarekani Rick Meyers akatoa e-Sword, bure. Zikafuata theWord, MySword ya simu za Android, na AndBible inayotumia moduli za mradi wa SWORD wa CrossWire. Taasisi ya Tyndale House ya Cambridge, Uingereza, inayo STEP Bible, nayo ni bure vilevile. Wenye uwezo wa kulipa wana Logos na Accordance.

Kwa mtu wa Masisi na Walikale, maneno mawili yana uzito kuliko mengine yote katika orodha hiyo: bure, na bila mtandao. Walikale ndiyo wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, na sehemu yake kubwa ni msitu. Barabara inayotoka Sake kupanda Masisi-centre, kupita Nyabiondo na kuteremka kuelekea Walikale, mvua ikinyesha huwa ni ya pikipiki na miguu. Minara ya simu ni ya kuhesabu, na chaji hutegemea paneli ya jua. AndBible au MySword ikishapakuliwa pamoja na moduli zake haidai tena kitu. Mmoja akishuka Goma anapakua. Akirudi anawagawia wenzake kwa Bluetooth au kwa kadi ya memori.

Halafu kuna vita. Waasi wa M23 waliiteka Masisi-centre mwanzoni mwa Januari 2025, Goma mwishoni mwa mwezi huohuo, na Walikale-centre mwezi Machi, kabla ya kuondoka huko mapema Aprili. Anayekimbia risasi hubeba mtoto, sufuria na godoro. Konkordansi ya kurasa zaidi ya 1,000 haimo katika hesabu. Simu imo.

Na simu yenyewe si mgeni huku. Rubaya, ndani ya Masisi, inakadiriwa kutoa asilimia 15 hivi ya tantalamu yote ya dunia, madini yanayoingia katika kapasita za simu. Mgodi wa Bisie, Walikale, hutoa takriban asilimia 6 ya bati la dunia, na bati ndilo linalolehemu vipande vya simu kwenye ubao wake. Madini yanatoka huku yakiwa mchanga ndani ya mifuko. Yanarudi yakiwa kamusi ya Kigiriki. Kama ilivyo kwa bidhaa nyingi zinazorudi namna hiyo, aliyeiunda alikuwa na mteja mwingine akilini.

Safari ya lugha nne

Tazama njia anayopita mhubiri akiandaa somo la Jumapili, awe wa kanisa la CBCA, wa lile la CEPAC au Mwadventista. Nyumbani anaongea Kihunde, Kinyanga, Kikumu au Kinyarwanda. Atahubiri kwa Kiswahili. Anafungua Biblia ya Kiswahili kwenye programu, lakini humo kwa kawaida maandishi ya Kiswahili ni matupu, hayana namba nyuma yake. Kwa hiyo anahamia Kifaransa, lugha aliyosomea shuleni. Biblia ya Louis Segond ya mwaka 1910 ipo katika programu kadhaa ikiwa imeunganishwa na namba za Strong. Anagusa neno la Kifaransa, dirisha dogo linafunguka, Kigiriki hicho hapo. Ila mara nyingi maelezo yaliyo chini yake yameandikwa kwa Kiingereza. Anayatafsiri kichwani kwenda Kifaransa, kisha kwenda Kiswahili, na wakati mwingine kwenda Kinyanga kwa ajili ya wazee. Kila kivuko kinatoza ushuru wake.

Shida kubwa zaidi imejificha ndani ya lile dirisha dogo. Kamusi ya Strong ni fupi mno. Mwishoni mwa kila neno, baada ya nukta mbili na kistari, huorodhesha maneno ambayo watafsiri wa King James waliyatumia kulitafsiri neno hilo sehemu mbalimbali. Ni orodha ya matumizi ya Biblia moja ya Kiingereza ya mwaka 1611. Wengi huisoma kana kwamba ni sahani ya maana zilizopakuliwa, ujichagulie inayokunogea na kuitia katika mstari wowote.

Mswahili hahitaji kwenda Athene kuona kosa liko wapi. Mpe Mjerumani kamusi ya Kiswahili atafute neno "piga". Atakuta kwamba ni kuchapa, kugonga, kutia mkono kwa nguvu. Sasa msomee: amepiga simu, amepiga picha, amepiga magoti, amepiga pasi, amepiga kura, amepiga kambi. Akija kuwahubiria watu kwamba Mkongomani anapopiga magoti, kwa Kiswahili cha asili maana yake ni kwamba anayaadhibu magoti yake, tutacheka mpaka machozi. Tunacheka kwa sababu tunajua kuwa "piga" peke yake haijasema kitu bado. Inangoja mwenzake. Kigiriki na Kiebrania ni lugha za watu vilevile, na maneno yake hungojana hivyohivyo.

Agape mbele ya mahakama

Chukua somo linalopendwa kuliko yote. Katika Yohana 21, Yesu aliyefufuka anamuuliza Petro mara tatu kama anampenda. Ukigusa maneno, utaona kwamba mara mbili za kwanza Yesu anatumia kitenzi agapao, namba 25, na mara ya tatu phileo, namba 5368. Petro anajibu kwa phileo mara zote tatu. Mahubiri yanajitengeneza yenyewe: agape ni upendo wa kimungu usio na masharti, phileo ni urafiki wa kibinadamu tu, Yesu aliomba kikubwa, Petro akaleta kidogo, mwishowe Bwana akashuka kwenye kimo chake.

Ni somo tamu. Sasa itumie programu ileile kulihoji, maana inao uwezo huo. Gusa namba 5368 na uombe mistari yote. Katika Yohana 5:20, Baba anampenda Mwana, na kitenzi ni phileo. Rudi Yohana 3:35: Baba anampenda Mwana, safari hii ni agapao. Je, Baba alipungukiwa upendo kati ya sura ya tatu na ya tano? Nenda 2 Timotheo 4:10, pale Dema anapomwacha Paulo kwa kuipenda dunia hii. Kitenzi ni agapao, ule upendo tulioambiwa ni wa kimungu. Mwenye moduli ya Agano la Kale la Kigiriki, ile tafsiri ya kale ya Kiyahudi iitwayo Septuaginta, na afungue 2 Samweli 13:15. Amnoni amembaka dada yake Tamari, na mwandishi anasema chuki aliyomchukia ilizidi upendo aliokuwa nao kwanza. Neno lililowekwa hapo kwa huo "upendo" ni agape.

Kisha urudi Yohana 21 utazame pembeni. Katika mazungumzo hayohayo, Yohana anabadilishabadilisha maneno mengine pia: anayo mawili ya kuchunga, mawili ya kondoo na wana-kondoo, na katika mstari wa 17 mawili ya kujua. Ni mwandishi anayependa kubadili neno ili asirudie, kama afanyavyo msimulizi yeyote mzuri. Kuna wanazuoni ambao bado wanaona tofauti kati ya agapao na phileo pale, na wana hoja zao. Lakini tofauti hiyo lazima itetewe kutoka ndani ya sura yenyewe. Haiwezi kuchumwa kwenye namba.

Neno ekklesia, namba 1577, linafundisha jambo hilohilo kwa upande mwingine. Tumesikia mara nyingi: limeundwa na ek, "kutoka", na kaleo, "kuita", kwa hiyo kanisa ni "walioitwa watoke" ulimwenguni. Orodhesha mistari yote, zaidi ya 110, halafu usimame Matendo 19, kuanzia mstari wa 32. Humo ekklesia ni umati wa Efeso uliojaa ukumbini, unapiga kelele kwa ajili ya mungu wao Artemi, na wengi wao hawajui hata kwa nini wamekusanyika. Mistari michache mbele ni baraza halali la mji. Hakuna aliyeitwa kutoka popote. Kwa Mgiriki wa siku hizo lilikuwa neno la kawaida la kusanyiko. Sisi wenyewe tunasema "serikali" kila siku, na neno hilo limetokana na maneno mawili ya Kiajemi, moja la kichwa na jingine la kazi. Ni nani Walikale ambaye akisikia "serikali" anawaza kichwa cha kazi?

Na kuna lile la dunamis, nguvu, namba 1411, ambalo eti ndilo baruti ya dainamiti, kwa hiyo Injili ni mlipuko. Dainamiti ilipewa jina na Alfred Nobel mwaka 1867. Paulo asingeweza kuiwaza miaka 1,800 kabla haijakuwako. Na kwa watu wa Sake na Masisi, waliokwisha kusikia mabomu ya kweli yakianguka, sijui kama huo ndio mfano wa habari njema.

Pale Kiswahili kinapotangulia

Jambo lisilosemwa sana ni hili: makosa mengi ya namna hiyo tumeyaazima pamoja na maswali yake. Video na vitabu vinavyofundisha "siri za Kigiriki" vingi vimetungwa kwa ajili ya watu wanaosoma Biblia kwa Kiingereza, na siri nyingi ni siri kwa Kiingereza tu.

Chukua Luka 22:31-32. Yesu anamwambia Simoni kwamba Shetani amewataka awapepete kama ngano, lakini yeye amemwombea ili imani yake isipunguke. Mhubiri wa Marekani hutumia robo saa kufunua kwamba "wewe" ya kwanza ni wingi, wanafunzi wote, na ya pili ni umoja, Petro peke yake. Kwa Kiingereza cha leo neno ni lilelile moja, kwa hiyo ufunuo huo ni halali kwake. Bibi wa Kitchanga asiyejua hata kuwasha simu analiona hilo akisomewa mara moja, maana Kiswahili kinatenganisha "ninyi" na "wewe" tangu utotoni. Ni hivyohivyo Paulo anapowaambia Wakorintho kwamba wao ni hekalu la Mungu, katika 1 Wakorintho 3:16. Ni ninyi, kanisa zima. Hakuna haja ya Kigiriki. Kuna haja ya kusoma Kiswahili kwa makini.

Kwa Kiebrania ukaribu unazidi. Kumbukumbu la Torati 4:10 inasema watu wajifunze kumcha Mungu na wawafundishe watoto wao. Gusa "jifunze" kupitia Segond: namba 3925, lamad. Gusa "wafundishe": namba 3925, lamad. Namba moja, vitendo viwili. Mwingereza anashangaa, maana maneno yake mawili hayafanani kabisa. Mswahili hana la kushangaa: funza, jifunza, fundisha. Kiebrania kinachukua mzizi mmoja na kuubadilisha umbo ili useme kutenda, kutendwa au kutendesha, na sisi tunafanya hivyo mchana kutwa: rudi, rudisha, penda, pendwa, pendana, pendeza. Wanafunzi wa Ulaya hutumia muda mwingi kuzoea hizo wanazoziita kali, nifali, pieli na hifili. Mtoto wa Pinga amekwisha kuzoea mwendo wake kabla hajaingia darasa la kwanza.

Hapohapo ndipo namba ya Strong inapoonyesha udhaifu wake. Inakupa mzizi, haikupi umbo. 3925 haisemi kama aliyetajwa anafunzwa au anafundisha. Umbo linapatikana kwenye moduli zilizowekewa pia alama za sarufi, kama za STEP Bible na baadhi ya zile za AndBible. Anayeishia kwenye namba, akachagua "fundisha" mahali penye "jifunza", amemgeuza mwanafunzi kuwa mwalimu.

Ziko pia sehemu ambazo Kiswahili hakionyeshi, na hapo ndipo programu hulipa gharama yake yote ya chaji. Yohana 3:8 ni mfano safi. Yesu anamwambia Nikodemo habari za upepo unaovuma upendako, kisha habari za aliyezaliwa kwa Roho. Kwa Kiswahili ni maneno mawili. Kwa Kigiriki ni moja, pneuma, namba 4151, mwanzo wa mstari na mwisho wake. Ezekieli 37, bonde la mifupa mikavu, hufanya vivyo hivyo kwa ruach, namba 7307: pumzi, upepo na roho vinapishana ndani ya sura moja, na neno ni lile. Mtafsiri hakukosea kutenganisha, alilazimika kuchagua. Msomaji aliyeligusa neno anapata kusikia mwangwi ambao tafsiri haikuweza kuubeba. Akiongeza kwamba Kiswahili chenyewe kina "upepo" na "pepo" kutoka shina moja, mkutano utaelewa bila kamusi.

Kigiriki cha sokoni

Kamusi nyingi zinazokuja bure ndani ya programu ni bure kwa sababu ni za kale. Haki zake zimekwisha. Ya Strong ni ya 1890, ya Thayer kwa Kigiriki ilitoka miaka ya 1880, na ya Kiebrania ya Brown, Driver na Briggs ni ya 1906. Zina thamani, lakini zile za Kigiriki zilifungwa kabla habari kubwa haijafika. Tangu mwaka 1895 Mjerumani Adolf Deissmann alianza kuonyesha, kwa kutumia mafunjo yaliyofukuliwa Misri, kwamba Kigiriki cha Agano Jipya, ambacho wengine walikiona kama lugha ya pekee ya Roho Mtakatifu, kilikuwa Kigiriki cha watu wote: cha risiti, cha mikataba ya mashamba, cha barua za mwana anayemwomba baba yake fedha. Wengi walioongea Kigiriki hicho walikuwa na lugha nyingine nyumbani.

Mtu wa Kivu anaujua ulimwengu huo. Kiswahili cha soko la Sake kinaongewa na Mhunde, Mnyanga, Mkumu na mwenye Kinyarwanda, kila mmoja akiwa ameacha lugha ya mama yake mlangoni. Hakuna anayekipima kwa mizizi ya maneno. Kinapimwa kwa kuelewana.

Walikale yenyewe ina somo la jinsi neno linavyofahamika. Mwaka 1956 mwanaanthropolojia Mbelgiji Daniel Biebuyck alimsikiliza fanani wa Kinyanga, Candi Rureke, akiuimba, akiusimulia na kuucheza utendi wa Mwindo kwa muda wa siku 12. Akishirikiana na Kahombo Mateene, msomi aliyezaliwa katika lugha hiyo, wakauchapisha mwaka 1969. Kwa Kinyanga neno karisi ni jina la utendi wenyewe na pia jina la roho anayehusishwa na usimulizi wake. Ipi kati ya hizo mbili inakusudiwa, hakuna namba itakayokwambia. Atakwambia aliyekaa akasikiliza. Watafsiri wa Biblia wamelijua hilo siku nyingi: kamusi ya Kigiriki ya Johannes Louw na Eugene Nida ya mwaka 1988, iliyotolewa na Muungano wa Vyama vya Biblia, haikupangwa kwa alfabeti bali kwa maana, maneno ya upendo mahali pamoja, ya kujua mahali pamoja, ili mtu alione neno likiwa na ndugu zake.

Mhubiri afanyeje?

Kwanza, alinganishe tafsiri kabla ya kugusa namba. Kiswahili kina utajiri ambao wengi hawautumii: Biblia ya Muungano ya mwaka 1952, Habari Njema, ile ya Kiswahili cha Kongo, na pembeni Segond. Zikikubaliana zote, uwezekano ni mdogo kwamba simu itafichua maana ambayo kamati zote hizo hazikuiona. Zikitofautiana, hapo pana swali la kweli, na hapo ndipo pa kufungua Kigiriki.

Pili, akishalipata neno, asisome maelezo yake tu. Aombe mistari yote, aanze na ya mwandishi huyohuyo. Programu inaifanya kazi hiyo kwa sekunde moja, nayo inashinda kamusi yoyote iliyomo ndani yake. Tatu, atazame umbo la neno, si mzizi peke yake.

Nne, na hili ndilo zito kuliko yote: madhabahuni, ataje mistari badala ya kutaja Kigiriki. Akisema "kwa Kigiriki ni agape", amefunga mjadala, kwa kuwa hakuna anayeweza kumkagua. Akisema "tusome Yohana 3:35, halafu 5:20, halafu 2 Timotheo 4:10", amewapa watu kitu wanachoweza kukikagua kwa Biblia zao za Kiswahili, na kijana wa nyuma anaweza kuinua mkono baada ya ibada akasema, "Pasta, mimi naona tofauti." Waprotestanti waliofika Kivu na Biblia mkononi walidai kwamba kila muumini ana haki ya kusoma mwenyewe. Kigiriki cha kutishia kinamrudisha muumini huyo kwenye kusikiliza tu.

Limebaki jambo moja ambalo mhubiri hawezi kulifanya peke yake. Mwanya ule wa Kiswahili kisicho na namba si amri ya mbinguni. Mtu fulani alikaa akaunganisha Segond na Strong, neno kwa neno. Malighafi za kuifanya kazi hiyo kwa Kiswahili zipo wazi: Tyndale House imetoa data za STEP Bible, Kiebrania na Kigiriki zikiwa na alama zake za sarufi, kwa yeyote azitumie. Goma na Bunia kuna walimu wa lugha hizo na vijana wanaojua kuandika programu. Mwenye haki za tafsiri za Kiswahili akikubali, kinachobaki ni mikono na uvumilivu.

Si kazi ya kompyuta peke yake, na sababu inaonekana katika ule mstari wa Luka 22:32. Yesu anamwambia Petro kwamba amemwombea. Kigiriki, ukiacha kiunganishi chake, kinasema hivyo kwa maneno manne: mimi, niliomba, kwa ajili ya, wewe. Kiswahili kinasema kwa moja: nimekuombea. "Ni" ndiye mimi, "ku" ndiye wewe, "omb" ndilo ombi, na ile "e" ya mwisho kabla ya "a", ambayo mgeni anaweza kuipita bila kuiona, ndiyo inayobeba "kwa ajili ya". Neno hilo moja linahitaji namba nne, kila moja mahali pake. Atakayejua pa kuzipachika bila kulivunja ni yule aliyeombewa kwa Kiswahili tangu akiwa mgongoni mwa mama yake.